Refa yupi wa kwenye muvi anakufaa? Kuanzia Lagaan mpaka Naked Gun

Watu wakiulizana muvi gani ya michezo waangalie wikiendi utasikia wanatajiana mchezaji, kocha, labda na zile hotuba za vyumbani wakati wa mapumziko. Refa hamtaji mtu. Mi nachagua kwa kuanza na refa, maana muvi nyingi za michezo zinaharibikia hapohapo: refa kawekwa tu apulize kipyenga, anyooshe mkono, stori isonge mbele, yaani ukimtoa ukasimika nguzo hakuna kitakachobadilika. Na mechi ambayo refa wake ni nguzo haina presha kabisa, kwa sababu presha ya mchezo wowote inatokana na kujua kwamba pale katikati kuna mtu mmoja anaweza akakosea, au anaweza akaamua sawasawa na bado uwanja mzima ukamchukia.

Kwa hiyo hapa nimezilinganisha zile ambazo refa au ampaya wake anakumbukika, nimezipanga zinazofanana zikae pamoja ili uone ipi uichukue na ipi uiache kulingana na unaangalia na nani na una muda kiasi gani. Nitasimulia na miisho, hilo nasema mapema, huwezi kumjadili refa ukaficha alichoamua dakika ya mwisho.

Lagaan au Karate Kid?

Naanza na hizi mbili kwa sababu ndo wengi tunazijua. Lagaan ni ya 2001, kaiongoza Ashutosh Gowariker, Aamir Khan ndo Bhuvan, na kwa mtu aliyekulia Dar, Zanzibar au Mombasa kwenye muvi za Kihindi haihitaji utambulisho. Kijiji cha Champaner, mwaka 1893, mvua hakuna, wanakijiji kodi imewashinda, kapteni Russell wa jeshi la Waingereza anawawekea dau: mkitufunga kriketi hamlipi kodi miaka mitatu, mkifungwa mnalipa mara tatu. Mechi ya siku tatu na waamuzi wote wawili ni Wazungu.

Sasa hapo kila aliyewahi kukaa jukwaani anajua kinachofuata, timu ngeni, refa wa kwao, tunasubiri kudhulumiwa. Muvi ya kivivu ingewafanya wale waamuzi wezi halafu Bhuvan ashinde kwa nguvu za Mungu. Gowariker hakwenda huko na ndo maana naiweka juu. Kuna sehemu mpigaji anaitwa Ismail kaumia mguu, anakimbiliwa na kijana mdogo Tipu, dogo ana haraka, kila mpira unaporushwa yeye kashatoka kwenye mstari wake. Mrushaji wa Kiingereza anamvizia, anakuja kama anarusha, badala ya kurusha anaangusha vijiti vya upande wa Tipu. Sio uungwana, lakini kwenye sheria za kriketi hiyo ni out, yaani mpigaji anatolewa, na mwamuzi anatoa out. Pale unamchukia yule mwamuzi kwa moyo wote, unaona sasa wizi umeanza.

Halafu inakuja mwisho wa mechi. Anayepiga ni Kachra, yule jamaa wa tabaka la chini kabisa ambaye kijiji kilikuwa hakitaki hata kumgusa, mkono wake mmoja una ulemavu, anaupiga mpira lakini haufiki popote wanaambulia kukimbia mara moja tu, Waingereza wanaanza kushangilia, kijiji kizima kinanywea, na wakati huohuo mwamuzi kasimama kimya kanyoosha mkono pembeni. Noboli. Mrushaji kakanyaga nje ya mstari kwa hiyo mpira ule hauhesabiki, unarudiwa, na kwa vile walishakimbia safari hii anayepiga ni Bhuvan. Sheria zilezile zilizomuondoa Ismail mchana ndo zinawaokoa jioni. Bhuvan anaupiga juu, Russell anarudi nyumanyuma anaudaka, anadhani kamaliza kazi, kumbe kashavuka mpaka wa uwanja. Mikono miwili ya mwamuzi juu. Sita, yaani pointi sita kwa mpigo mmoja, na kijiji kimeshinda. Nimeona watu wasiojua kriketi hata kidogo wananyanyuka kwenye viti hapo, na hawanyanyuki kwa sababu ya Bhuvan peke yake, wananyanyuka kwa sababu mtu waliyemshuku saa nzima kaonesha kwamba alikuwa anafuata sheria tu muda wote.

Karate Kid ya 1984 ina refa wa aina nyingine kabisa. Aliyecheza kama refa mkuu wa yale mashindano ya All Valley ni Pat E. Johnson, na huyo ndiye aliyewafundisha waigizaji kupigana na kupanga mapigano ya muvi yenyewe. Inaonekana. Angalia anavyosimama, anavyoingia katikati ya wapiganaji bila woga, anavyosimamisha pambano kwa mkono, hakuna mwigizaji wa kukodi siku mbili angeweza kusimama vile. Na ana kazi kweli: nusu fainali Bobby wa Cobra Kai, klabu ya wapinzani, anatumwa na kocha wake amvunje Daniel, yule kijana shujaa wa muvi, anamrukia goti, refa anamtoa mashindanoni palepale. Fainali mwenzake Bobby, Johnny, anamshambulia Daniel kwenye mguu uleule mbovu, refa anatoa onyo. Onyo tu! Halafu pointi ya mwisho, Daniel kasimama kwa mguu mmoja kama korongo, teke la uso, pointi, bingwa.

Hapo ndo ubishi ulipo na haujaisha mpaka leo, kwamba lile teke la uso lilikuwa halali au la. Wanaosema halali wanamnukuu Ali, yule msichana, maana ndiye anayemweleza Daniel sheria kabla hajapanda ulingoni kwamba kuanzia kiunoni kwenda juu ni pointi, na kichwa akakitaja. Wanaosema haramu wanasema karate ya mashindano haikubali teke la nguvu vile usoni. Mi naona refa alikuwa sawa kwa lile teke, alikosea kwenye lile onyo, Johnny alitakiwa atolewe kama alivyotolewa mwenzake maana kosa ni lilelile, kumshambulia mtu pale anapojulikana ameumia.

Ukitaka kuchagua: kama ni familia nzima na mna usiku mrefu, Lagaan, lakini jipangeni maana ni dakika 224, karibu masaa manne. Kama una watoto wa miaka tisa kumi hawawezi kukaa hivyo, Karate Kid, masaa mawili na kidogo, na wakimaliza waulize wangempa Johnny adhabu gani, utapata mjadala mzuri kuliko muvi yenyewe. Kama huelewi kriketi usiogope, muvi inafundisha, wanakijiji wenyewe walianza hawaijui.

Mbeleko: Escape to Victory au L'arbitro?

Hii ni ya watu wa mpira. Sisi tukisema timu imebebwa kwa mbeleko kila mtu anaelewa, na kuna muvi mbili zinazoionesha mbeleko yenyewe, moja kwa nje na moja kwa ndani.

Escape to Victory ni ya 1981, ya John Huston, ndani yumo Stallone golini, Michael Caine, Pelé, Bobby Moore, Ardiles, na kikosi cha wachezaji wa Ipswich Town. Wafungwa wa vita wanacheza na timu ya Wajerumani kule Paris wakati wa vita ya pili ya dunia, na refa anawabeba Wajerumani mchana kweupe, watu wanapigwa viatu, wanakanyagwa, Pelé anaumizwa mbavu, kipyenga hakilii, goli linakataliwa. Mapumziko wanaenda wakiwa nyuma 4-1. Mwisho sare ya 4-4 na Stallone anadaka penalti ya dakika za mwisho.

Naipenda sana hii muvi, lakini refa wake ni mbovu kimuvi. Namaanisha hana sura. Huambiwi ni nani, kalipwa nini, anaogopa nini, ukimtazama ni kama ukuta uliopakwa rangi ya upande mmoja. Na ingekuwa rahisi kumpa sekunde ishirini tu, refa aliyesimama Paris iliyokaliwa na jeshi, majenerali wako jukwaani wanamwangalia, huyo mtu lazima anatetemeka, ile hofu ingeifanya mechi iwe ya kutisha zaidi. Badala yake hisia zote anaachiwa Max von Sydow, afisa wa Kijerumani, anayenyanyuka kupiga makofi Pelé akifunga kwa tikitaka. Refa wala hashtuki.

L'arbitro, ya Mtaliano Paolo Zucca, 2013, imefanya kinyume. Humo refa ndo mhusika. Anaitwa Cruciani, kaigiza Stefano Accorsi, refa wa kimataifa mwenye njaa ya kupanda juu, anataka fainali kubwa, anaingia kwenye uchafu, anabambwa, adhabu yake ni kupelekwa kuchezesha ligi ya chini kabisa kisiwani Sardinia ambako timu mbili za vijijini, Atletico Pabarile na Montecrastu, zinachukiana kama maji na moto. Pabarile inafundishwa na kocha kipofu. Picha ni nyeusi na nyeupe mwanzo mwisho na mambo yametiwa chumvi makusudi, uwanja ni vumbi na mawe, jukwaa wazee wanaotukana kwa ufasaha.

Mtu aliyewahi kupuliza kipyenga kwenye ndondo zetu hii muvi itamgusa mahali. Zile dakika za mwisho mashabiki wameshasogea mpaka kwenye mstari, chaki yenyewe imeshafutika kwa miguu ya watu, kona ikipigwa hujui huyu aliyeko mita moja na kipa ni mchezaji au shabiki, mshika kibendera ameshaacha kunyanyua kibendera kwa sababu nyuma yake kuna jamaa anamwambia kwa upole kabisa tunajua unakokaa. Umeshika kipyenga, unajua kile kitu mfukoni ulichopewa nauli ni elfu ngapi, unajua gari la kuondokea liko wapi na limegeuzwa au halijageuzwa. Uzuri wa L'arbitro ni kuchukua yule refa mkubwa mwenye jezi inayong'aa kumleta kwenye uwanja wa namna hiyo, na ghafla cheo chake hakimsaidii kitu.

Chaguo langu hapa ni wazi, kama umeshaiona Escape to Victory utotoni basi sasa tafuta L'arbitro, ila uwe na subira, inaenda taratibu nusu saa ya kwanza inakuzungusha kati ya Cruciani na wale wanakijiji kabla hawajakutana. Kama unaangalia na washkaji kwenye banda wanataka magoli na kelele, baki na Pelé.

Za kuchekesha: tatu, na si sawa hata kidogo

Naked Gun ya 1988 si muvi ya michezo, ni ya polisi, ila ukimuuliza Mmarekani yeyote akutajie ampaya wa kwenye muvi huyu hamkosi. Leslie Nielsen, luteni Frank Drebin, anajua kuna mchezaji wa besiboli kapangwa kumuua malkia wa Uingereza uwanjani lakini hajui ni yupi, kwa hiyo anampiga ampaya halisi anavaa nguo zake ili apate kuwapekua wachezaji wakija kupiga. Tatizo ampaya lazima aamue. Kwenye besiboli mpira ukipita eneo lake mpigaji asipoupiga ni straiki, na tatu ukaketi, sasa Drebin mpira wa kwanza unapita anabaki kimya uwanja mzima unamsubiri, anatamka straiki kwa kubahatisha, uwanja unalipuka kwa shangwe. Basi utamu ukamwingia. Mpira unaofuata anatangaza kwa madoido, baadaye anatangaza kabla haujafika, anaanza kucheza dansi, kile kibao cha mpigaji anakifuta kwa brashi kisha analeta mashine ya kufyonzea vumbi.

Ni kichekesho lakini kina ukweli mkubwa ndani yake, kwamba shangwe ni ulevi na refa anaweza kulewa. Sote tunawajua marefa wanaotaka kadi zao zionekane kwenye kamera. Na kingine kizuri, ampaya wa kituo cha tatu mle ndani ni Joe West, ampaya wa kweli wa ligi kuu ya Marekani, ambaye alikuja kustaafu baada ya msimu wa 2021 akiwa kachezesha mechi 5,460, hakuna aliyewahi kumfikia.

A League of Their Own, 1992, ya Penny Marshall, ni kuhusu ligi ya wanawake ya besiboli iliyoanza 1943 wanaume wakiwa vitani. Kila mtu anakumbuka Tom Hanks akimfokea mchezaji wake analia, akimwambia kwenye besiboli hakuna kulia. Wachache wanakumbuka kinachofuata: ampaya anakuja pale pembeni, mzee mstaarabu, anamwambia kocha kwa lugha ya kuchagua maneno kwamba hawa mabinti uwatendee kama ambavyo ungemtendea mama yako. Kocha anamjibu tusi kuhusu anavyofanana na kile kikofia chake, tusi la nguoni, na ampaya anamtoa uwanjani. Scene ya dakika mbili hivi. Lakini imekaa sawasawa, ampaya kaingia kwa busara, katukanwa, katumia mamlaka yake bila kubishana, karudi kazini. Na mwisho wa muvi, mechi ya saba ya fainali, Kit anamgonga dada yake Dottie kwa nguvu, mpira unamponyoka Dottie, ampaya ananyoosha mikono, yuko salama, ubingwa umekwenda Racine, timu ya Kit. Watu wanabishana kama Dottie aliuachia makusudi. Ampaya hilo halimhusu, yeye kaona mpira uko chini.

Slap Shot, 1977, Paul Newman, hoki ya barafuni huko Pennsylvania, ndo ya kihuni kuliko zote, matusi kila sentensi, usiweke watoto wakiwepo. Wale ndugu watatu wa Hanson, wachezaji wa timu ya Newman, wameshapigana na wapinzani wakati wa kupasha misuli, mechi haijaanza, damu usoni, sasa wimbo wa taifa unapigwa na refa anateleza taratibu anasogea kwa mmoja wao anamnong'oneza vitisho, nawaona nyie, mkileta ujinga nawatoa, mimi mechi zangu ni safi. Jamaa macho mbele anamfokea kwa tusi kwamba anasikiliza wimbo. Refa ananywea. Ile sura ya refa pale, ya mtu aliyeelewa kwamba usiku huu hauna mwenyewe, nadhani ni sura bora ya refa kwenye muvi yoyote ya vichekesho. Na mwisho wa muvi refa wa fainali anapigwa ngumi na mchezaji wa Syracuse kwa kukataa kumzuia mtu anayevua nguo uwanjani, na kwa ngumi hiyo anawapa wapinzani ubingwa. Kumpiga refa umefungwa, sheria rahisi.

Kwa kucheka na mama mkwe yupo sebuleni: A League of Their Own, lile tusi moja mtavumilia. Kwa kucheka mpaka mbavu ziume bila kufikiria: Naked Gun. Slap Shot ni ya watu wazima wanaopenda mchezo wenye ugomvi, na mi nikiwa peke yangu naichagua hiyo.

Kadi moja tu

Bend It Like Beckham, 2002, sitaiweka kwenye ushindani maana refa wake yupo kwa sekunde chache, lakini siwezi kuiruka. Jess, binti wa Kihindi anayecheza mpira Uingereza, anachezewa rafu, mpinzani anamtukana tusi la kibaguzi, Jess anamsukuma, refa aliyeona msukumo na hakusikia tusi anampa Jess kadi nyekundu. Kisheria yuko sawa. Kihaki inauma mno, na kocha naye anamfokea mwanzoni mpaka aambiwe kilichosemwa. Aliyeiongoza ni Gurinder Chadha, mzaliwa wa Nairobi, na baba wa Jess ndani ya stori alikuwa mrushaji hodari wa kriketi Nairobi alipokuwa shule, akafika Uingereza vilabu vikamcheka kilemba chake wakamfukuza. Ukiijua hiyo, ile kadi inakuwa nzito zaidi, maana baba na mtoto wote wamepigwa na kitu ambacho hakuna refa aliyekisikia. Kwa binti anayecheza mpira, hii kabla ya zote.

Marefa wa kweli: Webb, Hansson, na mzee wa Kinshasa

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ukishaziona hizi zile za kuigiza zinapungua ladha. Les Arbitres ni dokumentari ya Wabelgiji ya 2009, wamewafuata marefa wa Euro 2008 iliyochezwa Austria na Uswisi, na kubwa kuliko yote wamewekewa sauti za zile redio za masikioni, unasikia refa na washika vibendera wanavyoongea mpira ukichezwa. Sikujua marefa wanaongea vile. Ni kelele mfululizo, nimeiona, yako, acha, acha, cheza, na pumzi inakata. Mhusika anayebeba stori ni Howard Webb, Mwingereza. Mechi ya Austria na Poland, Vienna, Poland wanapata goli la kuotea ambalo msaidizi wake halioni, halafu dakika za nyongeza mchezaji wa Poland anavuta jezi ndani ya boksi kwenye mpira uliosimama, Webb anatoa penalti, Vastić anafunga, 1-1. Nchi nzima ya Poland ikawaka, mpaka waziri mkuu wao wa wakati huo, Donald Tusk, akasema hadharani maneno makali ambayo waziri mkuu hapaswi kusema, na vitisho vya kifo vikamwandama Webb na familia yake. Na penalti ilikuwa halali! Kosa lililokuwepo ni lile goli la kuotea, ambalo liliwanufaisha haohao waliokasirika. Miaka miwili baadaye Webb akachezesha fainali ya Kombe la Dunia.

Rättskiparen ni ya Msweden Mattias Löw, 2010, fupi, kama nusu saa, na inamhusu Martin Hansson. Jina huenda halikukai lakini mechi unaijua: Ufaransa na Ireland, tarehe 18 Novemba 2009, muda wa nyongeza, Thierry Henry anausimamisha mpira kwa mkono mara mbili, anampa Gallas, goli, Ireland nje ya Kombe la Dunia. Refa alikuwa Hansson. Muvi inamuonesha mtu mwenyewe, kwao kijijini, kazi yake nyingine ni mfanyakazi wa zimamoto, anakaa na kosa ambalo dunia nzima imelirudia kwenye runinga na yeye ndiye pekee ambaye hakuliona kwa wakati. Kule Afrika Kusini 2010 alienda, hakupewa hata mechi moja ya kushika kipyenga, aliishia kuwa mwamuzi wa akiba.

Ukiniuliza ipi kati ya hizo mbili, inategemea wewe uko upande gani. Kama ni shabiki anayetukana marefa, anza na Hansson, ni nusu saa tu na utaona hasira yako inaenda kwa nani hasa. Kama unachezesha, au una mdogo wako anasomea uamuzi, Les Arbitres ni darasa, angalia nafasi wanazosimama, angalia wanavyotulizana baada ya kosa ili wasikosee tena kwa kulipizia. Mechi zote mbili zilikuwa kabla ya VAR, ule uamuzi wa kurudia video, ambayo kwenye Kombe la Dunia ilianza kutumika 2018, kwa hiyo unaona kabisa kazi ile ilikuwa inafanywa kwa macho mawili na filimbi.

Wapenzi wa ngumi msijione mmesahaulika. Rocky Balboa ya 2006 ilifanya jambo la maana, ikamleta Joe Cortez, refa wa kweli wa Las Vegas, achezeshe pambano la Rocky na Mason Dixon, na ukimlinganisha na marefa wa zile Rocky za zamani wanaoacha mtu apigwe makonde arobaini bila kuingilia unaona tofauti, huyu anajua lini aingie katikati na lini aache. Lakini mbele ya When We Were Kings, dokumentari ya Leon Gast, bado ni maigizo. Hiyo ni Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Ali na Foreman, ndugu zetu wa Kongo wana simulizi zake mpaka leo. Refa ni Zack Clayton, mzee aliyewahi kuwa mchezaji wa kikapu wa kulipwa, na tangu 1952 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuchezesha pambano la ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Kila mtu anamwangalia Ali. Safari hii raundi ya nane muangalie Clayton: Foreman anaanguka akizunguka, Clayton anamwelekeza Ali aondoke pale, anahesabu akiwa kainama karibu na sikio la aliyeanguka, Foreman anaanza kuinuka kwa kuchelewa, na Clayton anapunga mikono kumaliza. Wapo wanaosema alihesabu haraka. Rudisha nyuma uhesabu mwenyewe ukiwa umeifungia sauti, halafu uamue kama ungempa ile sekunde nyingine.